Mzazi, Mwalimu na Mwinjilisti: Shule na Familia katika Ngara na Biharamulo

Katika nchi iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, kanisa na shule vilizaliwa pamoja. Wenyeji wa Buhaya waliokwenda Buganda walirudi na Injili zilizochapwa kwa Kiganda, wakazisoma wao kwa wao majumbani kabla ya mmisionari yeyote wa Kilutheri kufika. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani, akiwamo Ernst Johanssen aliyekuwa ameanza kazi Rwanda mwaka 1907, walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta kundi linalowangojea. Watu wa kundi hilo walijulikana kwa jina la wasomaji. Kwa masikio ya wakati ule, kusema kijana fulani “anasoma” ilikuwa sawa na kusema anajiandaa kubatizwa, na hakuna aliyeona haja ya kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Katika kuadhimisha miaka mia moja ya usharika, ni desturi kuhesabu majengo, wachungaji na waliobatizwa. Hesabu hizo zina mahali pake. Sura hii inashughulika na jambo lisilohesabika kwa urahisi, yaani namna familia na shule zilivyoshikana mkono, zikaachana, na kutafutana tena katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Swali linaloiongoza ni hili: mzazi aliyeijenga shule kwa mikono yake alipoteza wapi sauti yake ndani ya shule hiyo?

Wilaya hizi mbili si Bukoba, na mgeni wa dayosisi anayefika kwa mara ya kwanza hutambua hivyo mapema. Ngara ni nchi ya milima na migomba, ya Wahangaza wa Bugufi na Wasubi, inayopakana na Rwanda na Burundi mahali mto Ruvubu unapokutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Biharamulo, yenye boma la Wajerumani lililosimama tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ni nchi tambarare zaidi, yenye mapori mapana, ya Wasubi, Wazinza na, katika miongo ya karibuni, Wasukuma wengi waliohamia na mifugo yao. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2005, na mwaka 2012 ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Kwa Sensa ya mwaka 2012, Ngara na Biharamulo zilikuwa na watu zaidi ya 320,000 kila moja. Umbali kutoka kijiji hadi shule, na kutoka shule hadi ofisi yoyote yenye mamlaka, umekuwa mkubwa daima, na umbali huo umechangia mengi katika habari hii.

Shule ya wazazi

Vishule vya mwanzo vya vijijini, ambavyo Wazungu waliviita shule za porini, vilikuwa vibanda vya miti na udongo vilivyoezekwa kwa nyasi. Wanafunzi walikaa juu ya magogo. Masomo yalikuwa herufi, kuhesabu, nyimbo na Katekisimo Ndogo. Aliyefundisha alikuwa mwinjilisti, na mtu huyohuyo ndiye aliyeongoza ibada Jumapili, akazika wafu, akasuluhisha ugomvi wa mume na mke. Wazazi walimjengea nyumba, wakampa shamba, wakamletea ndizi na maharage. Mshahara, pale ulipokuwapo, ulikuwa mdogo kiasi cha kutotajika.

Isidhaniwe kwamba wazazi wote walifurahia. Ng’ombe walihitaji mchungaji na wadogo walihitaji mlezi. Baba aliyemwachia mtoto wa kiume aende kujifunza alifu alikuwa ametoa nguvu kazi ya nyumba yake, na wazee wa ukoo walikuwa na hofu ya haki kabisa kwamba kitabu kingemfundisha mtoto kudharau mila za nyumbani. Kwa binti hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mahari yake yalikuwa yamekwisha kuhesabiwa katika mipango ya familia. Mwinjilisti hakuwa na sheria ya kumlazimisha yeyote. Silaha yake ilikuwa moja: kwenda nyumbani kwa mzazi, kuketi, na kuzungumza kwa lugha ya mzazi. Alifahamu jina la babu, alijua ni mtoto yupi anaumwa, na aliporudi mara ya tatu au ya nne mtoto mmoja aliachiliwa. Ushirikiano wa shule na familia, jambo ambalo siku hizi huandaliwa semina, ulikuwa kazi ya miguu ya mtu mmoja.

Hayo yalikuwa na mizizi katika mafundisho ya Kilutheri yenyewe. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule, na mwaka 1530 akaandika hotuba ndefu akiwahimiza wazazi wasiwatoe watoto wao shuleni kwa tamaa ya kipato cha haraka. Katikati ya maandishi hayo mawili, mwaka 1529, alitoa Katekisimo Ndogo, na sehemu zake kuu zimeelekezwa kwa mkuu wa nyumba ili awafundishe watu wa nyumbani mwake. Tazama mpangilio huo. Serikali ijenge shule, mzazi amwache mtoto asome, na nyumba iendelee kufundisha. Luther hakumwondolea yeyote kati ya hao watatu wajibu wake ili kumtwika mwingine, na sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati, ambayo kila mwanafunzi wa kipaimara huisoma, inaanza kazi hiyo nyumbani.

Nguvu ya mpangilio huo ilionekana wakati wa shida. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondoka Bukoba, na Wakristo wenyeji chini ya viongozi kama Andrea Kajerero wakalilinda kundi. Wamethodisti kutoka Afrika Kusini walikuja wakashika kazi kwa muda, kisha Betheli ikarudi katika miaka ya 1920. Vita ya Pili ilipozuka mwaka 1939 Wajerumani waliondolewa tena, na Walutheri wa Sweden, akiwamo Bengt Sundkler aliyefika mwaka 1942, wakaja kusaidia. Wageni walibadilishana, lakini mwinjilisti, mzazi na kibanda cha nyasi walibaki. Haki inataka itajwe pia kwamba Walutheri hawakuwa peke yao. Waanglikana wenye kituo chao Murgwanza, na Wakatoliki ambao Jimbo lao la Rulenge lilianzishwa mwaka 1960, walifundisha watoto wengi wa Ngara, na familia nyingi zina ndugu waliosoma katika shule za madhehebu yote matatu.

Dalili ya kwanza ya mfarakano ilikuja kwa sura ya baraka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa Serikali ya Kiingereza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zenye walimu wenye vyeti na majengo yanayokubalika. Shule zilizopata ruzuku zilipanda. Vishule vya vijijini, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vingi huku pembezoni, havikupata kitu, vikaendelea kulishwa na wazazi. Kuanzia hapo kulikuwa na shule ya mkaguzi na shule ya wazazi, na kila mtu alijua ipi ni bora. Mzazi alianza kuamini kwamba elimu ya kweli ni ile asiyoielewa.

Kukabidhiwa kwa Serikali

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kwa kasi. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, baadaye Tanzania, liliundwa mwaka 1963. Josiah Kibira akawa askofu katika Bukoba mwaka 1964 na baadaye, mwaka 1977, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Kilutheri la Dunia. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za msingi za madhehebu zikawa chini ya Serikali, na watoto wa dini zote wakaketi dawati moja. Kanisa lilipokea hatua hiyo bila vurugu, na lilifanya vema. Taifa changa lisingejengwa kwa shule zinazogawa watoto kwa ubatizo wa baba zao.

Hata hivyo kuna jambo lililopita bila kutazamwa. Katika Elimu ya Kujitegemea Mwalimu aliifananisha shule na familia, walimu na wanafunzi wakiwa jamaa moja kama wazazi na watoto wao. Mfano ni mzuri, lakini ukiutafakari utaona kwamba katika familia hiyo mpya nafasi ya mzazi imekwisha kushikwa na mwalimu. Mzazi halisi amebaki nje ya uzio. Mwalimu Nyerere hakukusudia hivyo, kwa kuwa alisisitiza mtoto wa shule ya msingi abaki sehemu ya kijiji na shamba la nyumbani. Ndivyo lakini ilivyotokea katika vijiji vingi. Mwalimu mpya aliletwa na Serikali kutoka mkoa mwingine. Hakujua Kihangaza wala Kisubi. Alikuwa na barua ya uteuzi, na barua hiyo haikumtaka aende kumtembelea babu wa mtu.

Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika, na kwa Biharamulo haikuwa mara ya kwanza, kwa kuwa katika miaka ya 1930 Serikali ya Kiingereza iliwahi kuwahamisha watu wa wilaya hiyo katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Azimio la Musoma la mwaka huohuo wa 1974 liliamuru elimu ya msingi kwa wote, na utekelezaji ulifikia kilele mwaka 1977. Kila kijiji kilitaka shule, na kila shule ilihitaji walimu ambao hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha. Watani walizifasiri herufi UPE kuwa Ualimu Pasipo Elimu, na utani huo uliwaonea, kwa sababu wengi wa vijana hao walikuwa watoto wa kijiji hichohicho, walizungumza na wazazi kama mwinjilisti wa zamani alivyozungumza, na baadhi yao walistaafu wakiwa walimu wakuu wanaoheshimika.

Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ilifanya mahudhurio kuwa lazima, na pia iliweka kamati za shule. Kati ya mambo hayo mawili, la kwanza lilitekelezwa na mgambo na la pili lilibaki kwenye karatasi. Mzazi akawa mtu wa kufuatwa kwa sababu mtoto amekosa shule au mchango haujalipwa. Tangu miaka ya katikati ya 1980 wazazi walirudi kuchangia fedha, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mchango wa UPE ulikuwa shilingi 2,000 kwa mwaka, mbali na dawati, mlinzi, mitihani na sare. Mfumo wa kimataifa wa kulinda bei ya kahawa ulipovunjika mwaka 1989, nyumba iliyotegemea magunia machache ya kahawa haikuwa na mahali pa kuitoa fedha hiyo. Mtoto alirudishwa nyumbani asubuhi. Alipita kwenye migomba, hakufika nyumbani, akakaa kando ya njia hadi saa ya wenzake kutoka. Mzazi aliyejua aliona aibu, na asiyejua alidhani mtoto anasoma.

Watoto wa bibi

Wakati huohuo Kagera ilikuwa imepatwa na msiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa katika mkoa huu mwaka 1983. Kilichofuata kinajulikana na kila nyumba. Kwa upande wa shule, athari yake ilikuwa kwamba neno mzazi lilibadilika maana. Mkutano wa wazazi ulipoitwa, waliokuja ni bibi wenye umri wa miaka 60 na 70, kaka wa darasa la sita anayewalea wadogo zake, na shangazi mwenye watoto wa nyumba tatu. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ilianzisha huduma ya watoto iliyojulikana kwa jina la HUYAWA, iliyowasaidia yatima kwa mahitaji ya shule na kwa ushauri. Somo kubwa la huduma za aina hiyo lilikuwa kwamba sare haitoshi. Mtoto aliyefiwa huketi darasani bila kusikia, na mwalimu asiyejua kilichotokea usiku uliopita nyumbani humwita mvivu. Mtu aliyejua mara nyingi alikuwa mwinjilisti, kwa sababu ndiye aliyeendesha mazishi. Palipokuwa na mwalimu na mwinjilisti wanaosemezana, mtoto alinusurika fimbo zisizo zake.

Kisha likaja jambo lisilosahaulika Ngara. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa takribani saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakitoka Rwanda. Benaco ikawa jina linalotajwa na redio za dunia. Kwa upande wa Walutheri, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Kilutheri la Dunia, lilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyowahudumia wakimbizi wa Kagera. Shule za wenyeji ziliumia. Madarasa yaligeuka malazi, madawati mengine yakaishia mekoni kama kuni, na walimu kadhaa waliacha chaki wakaajiriwa na mashirika ya misaada kwa ujira ambao Serikali isingeweza kuufikia. Ni vigumu kuwalaumu. Lakini mzazi wa Ngara aliona mwalimu wa mwanawe akipita barabarani ndani ya gari jeupe, na darasa la mtoto wake halina mtu.

Ndani ya kambi kulikuwa na jambo la kujifunza ambalo halikusemwa vya kutosha. Walimu wakimbizi walianza kufundisha chini ya miti na mahema ya plastiki. UNESCO, UNICEF na washirika wao walileta vifaa vilivyofungashwa pamoja kwa ajili ya mwalimu mmoja na watoto hadi 80 kwa zamu mbili. Watu waliopoteza nchi, ng’ombe na nyumba waliwapeleka watoto wao darasani, bila sheria ya mahudhurio wala mgambo. Walienda kwa sababu mwalimu alikuwa jirani wa hema la pili, na kwa sababu shule ilikuwa kitu pekee kilichobaki kinachofanana na maisha ya kawaida. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na kambi ya Lukole ya Warundi ilifungwa mwaka 2008. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Kijesuiti la Huduma kwa Wakimbizi, ilibaki.

Kamati na akaunti

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukatekelezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2006. Nchini kote wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takribani milioni 4.8 mwaka 2001 hadi takribani milioni 7.5 mwaka 2005. Ongezeko hilo ndilo linalokumbukwa. Lakini lililokuwa jipya kabisa kwa mzazi ni kwamba kamati ya shule ilipewa akaunti ya benki. Kwa mara ya kwanza mkulima aliyechaguliwa na wenzake alitia sahihi kwenye hundi ya fedha za Serikali, na mapato na matumizi yakatakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo.

Wazee wa vijiji wanaokumbuka miaka hiyo hawazungumzii kwanza madarasa. Wanazungumzia mikutano. Pale mwalimu mkuu aliposoma hesabu mbele ya wazazi, tofali zilichomwa, mawe na mchanga vikaletwa, boma likapanda hadi linta na halmashauri ikaliezeka. Pale hesabu ilipofichwa, tanuru lilikaa bila kuwashwa misimu miwili. Mzazi wa Ngara na Biharamulo si mgumu wa kutoa, kama ilivyozoeleka kusemwa maofisini. Alichokataa ni kutoa bila kuelezwa, na kukataa huko ni busara ya mtu maskini.

Kamati hizo zilikuwa na kasoro zake. Wajumbe wengi walikuwa wanaume, ilhali anayejua kama mtoto amekula na kama amefanya kazi ya nyumbani ni mama. Mikutano iliendeshwa kwa Kiswahili cha kiofisi mbele ya bibi wanaofikiri kwa Kihangaza. Na mazungumzo yote yalikuwa juu ya majengo. Mwaka 1995 Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alieleza njia sita ambazo familia na shule hushirikiana, kuanzia malezi na mawasiliano hadi kujitolea, kujifunza nyumbani, kushiriki maamuzi na kuungana na jamii. Ukiipima historia ya wilaya hizi kwa kipimo hicho utakuta kujitolea kumetumika hadi kuchakaa, na kujifunza nyumbani hakujaguswa. Mzazi aliyeitwa shuleni mara ishirini kubeba tofali anaweza asiitwe hata mara moja kuambiwa kwamba mwanawe wa darasa la tatu hajui kusoma.

Maana ya bure

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, na kuanzia Januari 2016 Serikali ilipeleka ruzuku moja kwa moja shuleni. Kwa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000, yaani 500 kwa mwezi, ndizo zilizofika katika akaunti ya shule. Nchini kote walioandikishwa darasa la kwanza walipanda kutoka takribani milioni 1.3 mwaka 2015 hadi takribani milioni 1.9 mwaka 2016. Watoto waliokuwa wamefichwa na umaskini walitoka migombani na kwenye malisho. Ni jambo la kumshukuru Mungu.

Lakini neno bure lilisikika vijijini kwa maana pana kuliko waraka. Wazazi wengi waliacha kutoa mahindi ya uji, na mlinzi akakosa posho. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulilazimika kueleza upya kwamba sare, madaftari, chakula cha mtoto wa kutwa na matibabu yake ni wajibu wa mzazi. Walimu wakuu, kwa upande wao, waliogopa hata kuitisha kikao cha chakula wasije wakashitakiwa kwa kuchangisha. Pande mbili zikakaa kimya, na kati yao mtoto akashinda njaa hadi saa tisa. Katika kaya za Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ulioanza mwaka 2012, sehemu ya ruzuku iliambatana na sharti la mahudhurio ya asilimia 80. Sharti hilo liliwafikisha watoto mlangoni. Halikuweza kumfanya mlezi na mwalimu wasalimiane.

Imani kati yao ilijaribiwa pia kwa mambo mazito. Agosti 2018, katika shule moja ya msingi ya Manispaa ya Bukoba, mwanafunzi alifariki baada ya kuadhibiwa na mwalimu, na shauri likafika mahakamani. Habari hiyo ilienea mkoa mzima. Kwa wiki kadhaa mzazi aliyemwona mwanawe na alama ya fimbo aliuliza maswali ambayo awali asingethubutu, na mwalimu mwema aliyefanya kazi miaka 20 bila doa alitazamwa kwa jicho la shaka. Walioweza kuituliza hali hiyo ni walimu waliokuwa wakifahamika majumbani tangu zamani.

Mlango wa shule na mlango wa kanisa

Kwa miongo mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule. Novemba 2021 Serikali iliondoa zuio hilo, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukatoa nafasi ya kurudi kwa wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, hawa wakiwamo. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, iliyozinduliwa mwaka 2025, imepanga elimu ya lazima ya miaka 10. Binti wa Ngara au Biharamulo hawezi kuifikia miaka hiyo kwa waraka peke yake. Baba yake yuko tayari kumwoza. Mwalimu mkuu ana wasiwasi atakavyopokelewa na wenzake. Na huko kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Biharamulo, au kwenye biashara ya mpakani Rusumo, kuna ujira unaomngoja leo, si baada ya kidato cha nne.

Katika jambo hili kanisa haliko nje likitazama. Kwa taratibu za nidhamu zilizorithiwa, msichana huyohuyo hutengwa na Ushirika Mtakatifu, na kipaimara chake husimamishwa hadi atakaporudishwa kundini. Anaweza basi kupokewa darasani Jumatatu na kukaa benchi la nyuma Jumapili, ilhali kijana aliyempa mimba, akiwa ni wa usharika wa jirani, hajulikani hata kwa jina. Mama yake, akiona aibu hiyo kanisani, hukosa ujasiri wa kwenda kuzungumza na mwalimu. Waasisi wa vishule vya nyasi walimleta mtoto wa watu darasani kwa kwenda kuketi nyumbani kwao. Nidhamu inayomfanya mzazi ajifiche haiwezi kudai kuwa imetoka kwao. Sharti la toba halipingwi hapa. Linalohitaji uamuzi ni muda wake, na namna linavyotangazwa mbele ya watu, na hayo yako ndani ya uwezo wa baraza la wazee wa kanisa bila kungoja sinodi.

Kuna pia suala dogo la saa. Msichana aliyerudi shule anahitaji mtu wa kumshikia mtoto wake kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, siku tano za juma. Bibi wa nyumbani mara nyingi yuko shambani. Nyumba za akina mama wa usharika zilizo karibu na kila shule zinajulikana, na mwinjilisti anazijua kwa majina.